Jumamosi ndiyo mara yangu ya kwanza kuongea na mwanasaikolojia kwa video. Nijiandaeje?

Muulizaji

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho, najua ni ndefu.

Jumamosi saa nne asubuhi nina kikao changu cha kwanza na mwanasaikolojia, kwa video, dakika 50. Nina miaka 31 na sijawahi kukaa na mtu nikamweleza yaliyo ndani yangu. Ilianza miezi mitatu iliyopita. Nilikuwa napanda ngazi kazini, moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haishuki. Nilikaa palepale kwenye ngazi nikijua ndiyo mwisho. Hospitali wakapima moyo, damu na presha, kila kitu kizima. Ikarudi ndani ya basi, ikarudi tena usiku kitandani. Mara ya nne daktari akaniambia kwa upole kwamba moyo wangu hauna shida, hili linaitwa shambulio la hofu, nikatafute mtu wa kuongea naye. Karatasi ya rufaa ilikaa kwenye begi langu wiki tano.

Sasa nimepata nafasi na nina hofu na hicho kikao chenyewe.

Naishi na kaka yangu, mkewe na watoto wao wawili. Chumba changu na sebule vimetenganishwa kwa ukuta wa mbao nyembamba, nikikohoa wanasikia. Wao wanajua nilikwenda hospitali kwa ajili ya moyo, zaidi ya hapo hawajui kitu. Nitaongelea wapi?

Halafu sijui nianze na lipi. Nimejaribu kuandika maisha yangu tangu utotoni, nimefika kurasa sita, na nikizisoma naona kama habari za mtu mwingine. Kuna jambo lilinipata nikiwa na miaka 12 ambalo sijamwambia yeyote. Kwenye kurasa hizo nimeliruka. Nisipolitaja siku ya kwanza, nitakuwa nimemdanganya?

Jingine, mimi nikigusa mambo mazito huwa nalia, na kwenye video nitajiona nikilia. Inaruhusiwa kuzima kamera?

La mwisho ni fomu walizonitumia. Wanataka jina la mtu wa kupigiwa dharura ikitokea, na anwani ya mahali nitakapokuwa nimekaa. Ya nini, kama tunaongea kwa video? Na kuna dodoso la maswali tisa. Nane nimejaza. La tisa linauliza kama nimekuwa na mawazo kwamba afadhali ningekufa, au ya kujidhuru. Nikijibu ukweli watanifanya nini?

Jibu la kwanza

Kaka, pole sana, na hongera kwa kuitoa hiyo karatasi kwenye begi. Huu ni mwaka wangu wa pili naongea na mshauri wangu kwa video. Mwanzoni ilikuwa kila wiki, siku hizi mara mbili kwa mwezi, na hatujawahi kuonana ana kwa ana. Nakuandikia yale ambayo mimi hakuna aliyeniambia.

Kazi kubwa ni mahali. Anza nayo leo. Jirekodi kwenye simu dakika mbili ukiongea kwa sauti yako ya kawaida, iache simu chumbani ikicheza kwa kiwango hichohicho cha sauti, funga mlango, uende kusimama sebuleni. Utajua mara moja kama wanasikia maneno au wanasikia mvumo tu. Mvumo hauna neno. Kama ni maneno, weka redio au feni upande wao wa mlango. Usiiweke upande wako, maikrofoni itaidaka na mshauri hatakusikia. Ziba uwazi wa chini ya mlango kwa blanketi. Vaa hedifoni, za waya ukiwa nazo maana haziishiwi chaji katikati, ili hata atakayesikia asikie nusu moja tu ya mazungumzo.

Ukiona chumba hakifai kabisa, tafuta kwingine: gari lililoegeshwa (usiongee ukiendesha, kwa hali yoyote), ofisi watu wakishaondoka, chumba cha rafiki anayetoka kwa saa moja. Mimi vikao vitatu vya kwanza nilivifanyia kwenye stoo ya kazini baada ya saa za kazi, nimekaa juu ya boksi la karatasi. Nimewahi pia kuongelea nje, mahali ambapo namwona mtu anayekuja kabla yeye hajanisikia.

Na watu wa nyumbani waambie neno moja la kweli: "Jumamosi saa nne hadi saa tano nina mazungumzo ya matibabu, naomba nisiitwe." Si uongo, na huna deni la kuwaeleza zaidi. Ukijificha bila kusema kitu, kikao kizima utakuwa unasikiliza nyayo nje ya mlango badala ya kumsikiliza anayeongea na wewe.

Simu usiishike mkononi. Kikao changu cha kwanza niliishika dakika zote 50. Kufika katikati mkono unatetemeka, picha inatetemeka, na yule mama akaniuliza taratibu kama ni mkono umechoka au ni yale ninayosema. Sikujua nimjibu nini, kwa sababu kweli sikujua. Iegeshe kwenye rundo la vitabu, kamera iwe usawa wa macho, mwanga utoke mbele yako na si dirishani nyuma, la sivyo uso wako kwake ni kivuli. Iweke kwenye chaji. Washa hali ya usinisumbue, maana kwenye simu nyingi mtu akikupigia video inasimama. Video inakula data nyingi kuliko unavyodhani, saa moja inaweza kumaliza gigabaiti nzima, kwa hiyo nunua kabla. Na mkiingia tu, kabla ya yote, mkubaliane mtandao ukikatika nani anampigia nani.

Kuhusu kujiona unalia: programu nyingi za video zina mahali pa kuficha picha yako mwenyewe ili ubaki unamwona mwenzako tu. Mimi sikupajua, nikakata kipande cha karatasi nikakibandika kwenye kona ya kioo pale uso wangu unapotokea. Nililia vizuri zaidi baada ya hapo. Kuzima kamera kabisa mwombe yeye, wengi hawakatai kwa muda mfupi, ila jua anakusoma kwa uso pia.

Ah, na saa. Ujumbe wao umeandika 10:00 au saa nne? Mimi waliniandikia "saa 8:00", nikaingia mchana saa nane, kumbe walimaanisha saa mbili asubuhi na mshauri alishaningoja akaondoka. Waulize kwa maandishi: asubuhi au mchana, na ni saa ya wapi kama yeye yuko nchi nyingine.

Jibu la pili

Ndugu yangu, mimi niko upande wa pili wa kioo. Ni mshauri nasaha, na vikao vya video navifanya tangu 2020, wengi wetu tulipolazimika kuziacha ofisi. Dada hapo juu amemaliza habari za mahali. Mimi nianzie mwisho wa maswali yako kwa sababu ndiko kuliko kuzito.

Swali la tisa. Dodoso hilo lilichapishwa mwaka 2001 na linatumika duniani kote. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita tu, kila jibu ni 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Halikupi jina la ugonjwa, linampa mshauri mahali pa kuanzia. Ukiweka alama kwenye la tisa, atakuuliza kwa sauti: mawazo hayo huja wakati gani, umefikiria namna ya kufanya, kuna kitu karibu nawe ambacho ungekitumia, na nini kimekuzuia mpaka leo. Ni maswali ya kazi yetu na hayatushtui. Mara nyingi yanaishia kwenye mpango wa usalama mnaouandika pamoja: dalili zako za hatari, mtu wa kumpigia, kitu cha kuondoa chumbani. Kuwa na mawazo peke yake si tiketi ya kulazwa.

Lakini sitapita hapa bila kukuuliza wewe mwenyewe, hapahapa. Mawazo hayo unayo sasa? Umepanga namna au siku? Kama jibu ni ndiyo, Jumamosi ni mbali. Nenda leo hospitali yenye huduma ya dharura, au mwite kaka yako sasa hivi akae nawe. Nitangoja jibu lako.

Anwani. Ukizidiwa ukiwa ofisini kwangu, nasimama nakuja ulipo. Kwenye video ninachoweza kufanya ni kumtuma mtu, na siwezi kumtuma mahali nisipopajua. Ndiyo maana tunauliza kila kikao na si mara moja tu, mtu huhama. Tena nchi na majimbo mengi leseni yetu hufuata mahali alipo mteja, kwa hiyo ukisafiri mwambie kabla. Mtu wa dharura hapigiwi kuambiwa mliyozungumza. Anapigiwa ukiwa hatarini.

Jambo la miaka 12. Hujamdanganya mtu. Kikao cha kwanza sehemu kubwa ni yeye kuuliza: unalalaje, unakulaje, dawa unazotumia, pombe, nani yuko nyumbani, umewahi kutibiwa, unataka nini kibadilike. Hakuna atakayekudai siri ya miaka 19 ndani ya dakika 50. Ila naomba ufanye jambo moja kabla hujalisema, iwe ni Jumamosi au baada ya mwaka: muulize mipaka ya usiri. Kwa kawaida tunaruhusiwa au tunalazimika kuivunja pale maisha ya mtu yako hatarini, pale mtoto anapoumizwa, na mahakama ikiamuru. Mengine yanategemea sheria ya mahali. Unaweza kumuuliza hivi: "Mteja akikueleza jambo lililompata utotoni, kuna mtu unalazimika kumwambia?" Atakujibu, na wewe bado hujasema lolote. Muulize pia kama kikao kinarekodiwa na nani anasoma maandishi yake.

Na sasa kurasa sita. Ziweke kando, ndugu yangu. Si kwamba ni mbaya. Mteja akinisomea maisha yake kwenye karatasi, macho yapo kwenye karatasi, sauti ni ya msomaji wa taarifa, na tukimaliza mimi najua tarehe nyingi na yeye simjui. Niletee nusu ukurasa kuhusu shambulio la mwisho tu. Lilikuja siku gani, saa ngapi, ukiwa wapi. Mwili ulianza na nini. Lilidumu dakika ngapi (mengi hufika kileleni ndani ya dakika chache, ingawa ukiwa ndani yake unaona saa nzima). Na hili ndilo ningelipigia mstari: wakati ule ulikuwa unaogopa kitatokea nini hasa? Kufa? Kuanguka mbele za watu? Kurukwa na akili? Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza jinsi duara hili linavyozunguka: moyo unadunda kidogo, unaitafsiri kuwa ni kifo, hofu inaongezeka, moyo unadunda zaidi, na tafsiri yako inapata ushahidi mpya. Ganzi ya vidole nayo ina maelezo. Ukivuta pumzi haraka haraka unapoteza kabonidioksaidi nyingi kupita kiasi, na vidole na midomo huanza kuchonyota. Tiba ya mashambulio ya hofu inashughulika na tafsiri hiyo, kwa hiyo mshauri wako ataitafuta. Andika pia ulivyoviacha tangu yaanze. Bado unapanda ngazi zile?

Muulizaji

Mshauri, asante kwa kuniuliza moja kwa moja. Hapana, sijapanga kitu wala siku. Huwa yanakuja usiku baada ya shambulio, kwamba bora yaishe tu kuliko kuishi hivi, kisha nalala na asubuhi hayapo. Nimeweka 1, siku kadhaa. Nimerudi kuijaza fomu sasa hivi, kabla sijakujibu.

Ngazi sipandi. Nangoja lifti hata kama ni ghorofa moja. Basi nimeacha, natembea dakika 40. Sikuwa nimelifikiria hilo kama jambo la kumwambia mtu.

Jibu la tatu

Mkuu, la kwangu fupi. Usipange kitu saa tano kamili. Mimi kikao cha kwanza nilikifunga na dakika tatu baadaye nikaingia kwenye mkutano wa kazi kwa simu hiyohiyo, kiti hichohicho. Ana kwa ana kuna njia ya kurudi nyumbani, unatembea, mambo yanatulia. Kwenye video unabonyeza kitufe na umeshafika. Jitengenezee hiyo njia: nusu saa, vaa viatu, toka, zunguka, rudi.

Na usipoelewana naye si lazima useme tiba imekushinda. Wa kwanza kwangu alikuwa anaangalia pembeni muda wote. Baada ya vikao vitatu nikamwambia naomba kubadilisha, akanisaidia yeye mwenyewe kupata mwingine. Nipo na huyo wa pili mpaka leo.

Muulizaji

Wakuu, ni Jumamosi jioni. Niliahidi moyoni kwamba nitarudi kuwaeleza.

Ile rekodi niliijaribu Alhamisi. Nilisimama sebuleni nikajisikia neno kwa neno kupitia ukuta, nikaelewa kwamba chumba hakifai hata kwa redio. Usiku nikamwambia shemeji sentensi ya dada wa kwanza vilevile ilivyo, kwamba nina mazungumzo ya matibabu saa nne hadi saa tano. Hakuniuliza chochote. Leo saa nne kasorobo nikasikia anawavalisha watoto viatu, akamwita kaka, wakatoka wote. Mlangoni akasema kwa sauti ili nisikie, "Tutarudi saa sita." Nilikaa kwenye kiti sijui dakika ngapi nikiutazama mlango.

Simu niliiegesha kwenye vitabu vinne. Karatasi nilikata ndogo, ikaanguka mara mbili, nikaibandika upya. Mshauri ni mwanamke, umri kama wa shangazi yangu mdogo. Jambo la kwanza aliniuliza niko wapi, na kama niko peke yangu. La pili, tukikatika nani apige. Kwa kuwa nilishayajua hayo, sauti yangu ikapata pa kuanzia.

Nusu ukurasa nilikuwa nao. Aliponiuliza kwenye ngazi nilikuwa naogopa nini hasa, nilikuwa nimeandika "kufa". Nikataka kusoma hivyo, nikajikuta nasema jingine: kwamba nilikuwa naogopa watu wa kazini watakuja kunishika, watanifungua shati. Nikanyamaza. Yeye pia akanyamaza. Hakukimbilia swali lingine.

Dakika kama ya thelathini mtandao ukakata. Uso wake uliganda mdomo ukiwa wazi nusu, halafu kioo kikawa cheusi. Akapiga simu ya kawaida tulivyokubaliana, tukaendelea bila picha. Na hapo, nikiwa sioni wala sionwi, nikamuuliza lile swali la mipaka ya usiri. Akanieleza polepole, akanirudia mara mbili anacholazimika na asicholazimika. Nikamwambia: "Kuna jambo la nikiwa na miaka 12. Leo sitalisema." Akajibu, "Asante kwa kuniambia kwamba lipo. Wewe ndiye utakayeamua siku." Video iliporudi nilikuwa nimelia tayari, na yeye aliona, na hakuna kilichoharibika.

Swali la tisa alilifikia mwenyewe, akaniuliza vilevile mshauri wa hapa alivyosema. Tumeandika majina mawili ya kupigia usiku. Moja ni la kaka yangu. Sijamwambia kaka bado, nitamwambia kesho.

Baadaye nilivaa viatu nikatoka nusu saa. Kurasa sita ninazo bado, kasema nisizitupe.

Kazi aliyonipa ni kuandika kila shambulio likija: siku, saa, mahali, niliogopa nini. Hakuniambia nipande ngazi. Kasema hilo tutalifanya pamoja, kwa hatua. Ametuma dodoso jingine la wiki ijayo, lina maswali saba. Hili ni la nini tena?

Jibu la pili

Nimesoma mara mbili, ndugu yangu. Lile la shati lilichukua nguvu kulisema, na umelisema kwenye kikao cha kwanza.

Maswali saba ni ya wasiwasi. Wiki mbili zilizopita, 0 hadi 3 kama lile la kwanza, mwisho wake 21. Lijaze Ijumaa usiku ukiwa umetulia, si dakika tano kabla ya kuingia. Na karatasi ya kwenye kioo ibandike pande zote nne, haitaanguka.

Muulizaji

Nimeshaibandika. Ipo palepale kwenye kona, inangoja Jumamosi.